Maji Malishoni Pasipo na Bomba la Mtandao: Mwongozo Kamili wa Kujaza Birika la Mifugo

Maji yakipungua malishoni, maziwa ndiyo hushuka kwanza. Karibu asilimia 87 ya maziwa ni maji, na ng'ombe hawezi kutoa asichopewa. Baada ya maziwa hupungua hamu ya kula, maana majani makavu hayasagiki vizuri tumboni bila maji, kisha hushuka uzito. Mfugaji anaweza kukaa wiki nzima akilaumu malisho au minyoo ilhali tatizo liko birikani, na birika lenyewe analipita kila siku.

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye malisho yake yako mbali na maji ya bomba, lakini ana chanzo fulani cha kuanzia: chemchemi, kijito, lambo, kisima, au hata paa la banda. Nimeupanga kwa utaratibu ambao ningeufuata shambani: kiu ya kundi, chanzo, tangi, namna ya kupandisha maji, bomba, halafu birika. Wengi huanza kwa kununua pampu. Usifanye hivyo. Ukubwa wa pampu unatokana na majibu ya hatua zinazoitangulia, na aliyeinunua kwanza hulazimika kupanga shamba lake lote kulingana nayo.

Hatua ya 1: Pima kiu ya kundi, kwa siku na kwa saa

Viwango vya kuanzia, kwa mnyama mmoja kwa siku:

- Ng'ombe wa nyama, au asiyekamuliwa: lita 30 hadi 60, kutegemea uzito na joto.
- Ng'ombe anayekamuliwa: lita 60 hadi 100. Mwenye maziwa mengi huvuka hapo wakati wa joto.
- Ndama aliyeachishwa: lita 10 hadi 25.
- Kondoo na mbuzi: lita 4 hadi 10.
- Farasi: lita 25 hadi 55. Punda: lita 10 hadi 25.

Ngamia ana hesabu yake: hukaa siku kadhaa bila kunywa, kisha akanywa zaidi ya lita 100 kwa mkupuo mmoja.

Panga kwa kiwango cha juu, si cha kati. Majani mabichi yanaweza kuwa na maji hadi asilimia 80, kwa hiyo msimu wa mvua mnyama hupata sehemu kubwa ya maji yake mdomoni akila, na birika dogo huonekana linatosha. Kiangazi kikiingia, majani yakakauka na joto likapanda, kundi lilelile huja birikani likiwa na kiu maradufu.

Jumla ya siku ni nusu tu ya hesabu. Nusu ya pili, ambayo ndiyo husahaulika, ni kasi. Ng'ombe mwenye kiu anaweza kunywa lita 15 hadi 20 kwa dakika moja. Na namna kundi linavyokuja hutegemea umbali. Maji yakiwa karibu, tuseme ndani ya mita 200 au 300 na yanaonekana, wanyama huja mmojammoja au wawili watatu, wakanywa na kurudi kula. Maji yakiwa mbali, kundi zima huja pamoja. Wakubwa na wababe hunywa kwanza, wakishatosheka huanza kuondoka, na wanyonge huwafuata hata kama hawajagusa maji, kwa sababu mnyama wa kundi huogopa kuachwa kuliko anavyoogopa kiu. Ukiona ndama na mitamba wamedhoofika huku madume yamenawiri, anza uchunguzi wako birikani.

Chukua mfano tutakaoutumia hadi mwisho. Una ng'ombe 40 wa nyama, kila mmoja lita 50, jumla lita 2,000 kwa siku. Wanakuja mara mbili, asubuhi na jioni, na kila mara wanakaa kama saa moja. Maana yake kila ujio unahitaji lita 1,000 ndani ya saa moja. Sasa chemchemi yako inatoa lita 3 kwa dakika. Kwa siku nzima hizo ni lita 4,320, zaidi ya mara mbili ya mahitaji, na kwenye karatasi mambo ni mazuri. Lakini ukiiunganisha moja kwa moja na birika la lita 400, ndani ya saa ile kundi litapata lita 400 zilizokuwamo na lita 180 zilizoingia. Jumla ni lita 580, zaidi kidogo ya nusu ya walichokijia. Usiku kucha chemchemi itajaza birika ndani ya saa mbili na kitu, kisha imwage maji yaliyobaki ardhini.

Kwa hiyo kiu ya kundi isikutane na chanzo ana kwa ana. Kati yao pawe na tangi: chanzo kijaze polepole mchana na usiku, tangi litoe kwa kasi saa ya kunywa. Mifumo mingi inayoitwa "maji hayatoshi" ina maji ya kutosha; kinachokosekana ni tangi, au bomba pana la kutoka tangini.

Hatua ya 2: Kagua chanzo mwisho wa kiangazi

Pima mtiririko kwa ndoo na saa. Elekeza maji yote ya chemchemi kwenye ndoo ya lita 20 na uhesabu sekunde. Ikijaa kwa sekunde 40, una lita 30 kwa dakika. Rudia mara kadhaa, na kipimo cha kuaminika ni kile cha mwisho wa kiangazi. Kipimo cha msimu wa mvua kitakudanganya.

*Chemchemi* ndicho chanzo ninachokipenda kuliko vyote, maana maji hutoka safi na mara nyingi huwa juu ya malisho. Chimba taratibu kufuata jicho la maji, jenga kisanduku cha zege au mawe chenye mfuniko, weka kokoto upande maji yanakoingilia, na toa mabomba mawili: moja la kwenda tangini, jingine juu zaidi la kumwagia ziada. Usiinue maji ndani ya kisanduku kupita kimo cha jicho lenyewe, kwani chemchemi ikikandamizwa hutafuta njia nyingine ya kutokea. Zungushia uzio, na upande wa juu chimba mtaro wa kugeuza maji ya mvua.

*Kisima* kinahitaji kupimwa kwa kuvutwa maji mfululizo kwa saa nyingi huku ukifuatilia kimo cha maji kinavyoshuka. Pampu isivute haraka kuliko kisima kinavyojirudishia.

*Lambo* lina mnywaji ambaye wengi hawamhesabu: jua. Katika hali ya joto na ukavu, milimita 5 hadi 8 za maji hupotea hewani kila siku. Lambo lenye uso wa mita za mraba 1,000, likipoteza milimita 6, limepoteza lita 6,000 kwa siku, mara tatu ya wanachokunywa ng'ombe wetu 40. Ndiyo maana lambo lenye kina na uso mdogo hudumu kuliko lile pana na la kina kifupi, hata yakiwa na ujazo sawa.

*Paa* hutoa zaidi ya watu wanavyodhani. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la bati la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 25, na tukitoa asilimia 15 inayopotea, ni lita 2,125 kwa mvua moja. Maji ya kwanza yanayoosha vumbi na vinyesi vya ndege yamwage kando kabla ya kuyaruhusu kuingia tangini.

Usiruhusu mifugo waingie kwenye chanzo chenyewe. Wanapoingia mtoni au lamboni hukojoa, hunya, huvunja kingo na kutibua tope, na hapohapo hunywa. Minyoo ya ini huenezwa kupitia konokono wa sehemu zenye majimaji, na ugonjwa wa leptospira husambaa kupitia mkojo kwenye maji yaliyotuama. Weka seng'enge kuzunguka lambo, utoe maji kwa bomba, na uwanyweshe nje.

Kabla ya kutumia pesa kwa chochote, peleka sampuli maabara, hasa ikiwa ni maji ya kisima. Ulizia chumvi zote kwa pamoja: chini ya miligramu 3,000 kwa lita hayaleti taabu kwa mifugo wengi, yakipanda kuelekea 7,000 unaingia kwenye hatari, hasa kwa wenye mimba, wanaonyonyesha na wachanga, juu ya 10,000 usiwape kabisa. Ulizia pia salfeti, na naitreti ikiwa kisima kiko karibu na zizi, rundo la samadi au shamba linalotiwa mbolea nyingi. Kwenye lambo, hofia utando wa kijani au wa buluu unaofanana na rangi iliyomwagika, ambao upepo huusukuma ukingo mmoja. Hizo ni sianobakteria, na sumu yake inaweza kumuua ng'ombe ndani ya saa chache. Ukiuona, waondoe wanyama kwanza, maswali baadaye.

Kuchota mtoni au kuchimba kisima mara nyingi huhitaji kibali cha mamlaka ya maji, na hata pale pasipohitajika, zungumza na walio chini yako kwenye kijito. Fanya hivyo kabla bomba halijalazwa.

Hatua ya 3: Tangi, na mahali pake

Weka akiba ya siku tatu. Kwa kundi letu ni lita 6,000. Siku tatu zinatosha kwa mawingu yanayozima sola, pampu inayongoja kipuri, au bomba lililokanyagwa usiku na kugunduliwa asubuhi. Kama shamba liko mbali na unalitembelea kwa nadra, ongeza ziwe tano.

Maji hayana huruma kwa msingi dhaifu. Lita 6,000 ni tani 6. Ardhi ishindiliwe na isawazishwe, au imwagwe zege, na sehemu yote ya chini ya tangi la plastiki iegemee kitu. Likiachwa linaning'inia pembeni hupasuka. Kama shamba lina mwinuko, weka tangi huko hata kama bomba litakuwa refu zaidi. Mnara wa kubeba tani 6 ni kazi ya fundi anayejua hesabu za uzito, na gharama yake mara nyingi hununua mamia ya mita za bomba.

Kila mita 10 za kimo kati ya uso wa maji tangini na birika hukupa presha ya karibu baa 1. Hilo ndilo litakaloamua upana wa bomba katika hatua ya 5.

Tangi liwe na mfuniko na lisipitishe mwanga, la sivyo mwani utaota ndani na kuziba valvu. Bomba la kutolea maji liwe sentimita 10 hivi juu ya sakafu ya tangi ili tope libaki chini, na chini kabisa pawe na koki ya kusafishia. Tundu la hewa na la kumwagia ziada vifunikwe kwa wavu ili mbu na vyura wasiingie. Matangi meupe ya lita 1,000 yaliyo ndani ya kichanja cha chuma ni rahisi na yanafaa, kwa masharti mawili: yawe yalibeba chakula na si kemikali, na yafunikwe au yapakwe rangi nyeusi. Chombo kilichowahi kubeba dawa ya wadudu hakisafishiki, usikitumie.

Hatua ya 4: Chagua kinachoyapeleka maji tangini

Anza na swali moja: je, chanzo kiko juu ya malisho? Kama ndiyo, maji yashuke yenyewe. Hakuna pampu inayoshinda mteremko kwa uaminifu. Hata lambo lenye tuta unaweza kulitumia hivyo, kwa kupitisha bomba chini ya tuta wakati wa ujenzi, au kwa kulivusha bomba juu ya tuta na kulijaza maji ili yavutane yenyewe. Njia hii ya kuvutana hufanya kazi iwapo kilele cha bomba hakizidi mita kama 6 juu ya uso wa maji na mwisho wake uko chini ya uso huo. Hewa hukusanyika kileleni, hasa mtiririko ukiwa mdogo, kwa hiyo weka pale tundu lenye kizibo ili ujaze tena inapokatika.

Kama chanzo kiko chini, zijue njia hizi.

*Pampu ya sola.* Kwa kisima kilicho mbali na umeme, hii ndiyo ningeifikiria kwanza. Hesabu yake si ngumu. Kupandisha lita 1,000 kwa mita moja kunahitaji wati-saa 2.7 hivi za nishati halisi. Tuseme kundi limekua na unataka lita 5,000 kwa siku, na kutoka maji yalipo kisimani hadi mdomo wa tangi ni mita 40. Hizo ni kama wati-saa 545. Pampu ndogo na mota yake kwa pamoja hugeuza kama asilimia 40 tu ya umeme kuwa kazi, hivyo unahitaji wati-saa 1,360. Ukiwa na saa 5 za jua kamili kwa siku, na ukiruhusu robo ipotee kwa joto, vumbi na nyaya, paneli ziwe za wati 360 au zaidi. Ongeza kidogo juu yake, maana paneli ndogo mno hufanya pampu ichelewe kuanza asubuhi.

Usinunue betri kwa kazi hii. Hifadhi jua kama maji tangini; tangi halichakai kwa kujazwa na kumwagwa. Weka swichi ya boya tangini ili pampu izime likijaa, na kihisi kisimani ili izime maji yakishuka, kwa sababu pampu inayozunguka kavu hufa haraka. Paneli zielekee upande wa ikweta, zifutwe vumbi, zizungushiwe uzio (ng'ombe hupenda kujikuna kwenye nguzo) na zifungwe kwa boliti ngumu kufungua.

*Hidramu.* Kama una kijito chenye maporomoko madogo, hii ni mashine ya kuheshimiwa. Mfaransa Joseph-Michel Montgolfier aliitengeneza mwaka 1796 ikijiendesha yenyewe, na hadi leo haihitaji mafuta wala umeme. Maji mengi hushuka kwa kasi kwenye bomba gumu la chuma, valvu hujifunga ghafla, na mshindo wa kusimama kwake husukuma sehemu ndogo ya maji juu sana. Kisha valvu hufunguka na mzunguko huanza tena, makumi ya mara kwa dakika, usiku na mchana.

Kukadiria utakachopata, zidisha maji yanayoingia kwa mporomoko, gawa kwa kimo cha kupandisha, kisha chukua asilimia 60. Lita 60 kwa dakika zikishuka mita 3 na kupandishwa mita 30 hutoa lita 3.6 kwa dakika. Ni kidogo kwa macho, lakini kwa siku ni zaidi ya lita 5,000, na ndiyo maana hidramu bila tangi haina maana. Maji mengine yote hurudi kijitoni. Weka chujio mdomoni mwa bomba la kuingilia, jenga msingi wa zege kwa sababu mtikisiko hauishi, na usitumie bomba laini upande wa kushukia. Linanyonya mshindo unaouhitaji.

*Pampu ya pua.* Mnyama husukuma kibao kwa pua ili kufikia maji kidogo yaliyo kwenye bakuli, na msukumo huo huvuta takriban nusu lita nyingine. Haina tangi wala nishati ya nje. Inafaa kundi dogo, ng'ombe 20 hivi kwa pampu moja, kwani anakunywa mmoja kwa wakati. Ndama wadogo, kondoo na mbuzi hawana nguvu ya kuisukuma, kwa hiyo usiwategemeze nayo.

Pampu ya pua, kama pampu nyingine yoyote inayokaa juu na kufyonza, imefungwa na sheria ya hewa: haiwezi kuvuta maji kutoka chini zaidi ya mita 7 hivi, hata ungeiongezea nguvu namna gani, na kwenye nyanda za juu kimo hicho hupungua zaidi. Maji yakiwa chini ya hapo, pampu lazima izamishwe.

*Pampu ya injini.* Inafaa ukiwa na tangi kubwa, ili uiwashe mara moja kwa siku mbili tatu badala ya kila siku. Mafuta yasimwagike karibu na chanzo.

*Kubeba kwa gari au mkokoteni.* Hii iwe njia ya dharura, au ya wanyama wachache wanaohamahama. Lita 1,000 ni tani moja, na tangi lililojaa nusu ni hatari zaidi mteremkoni kuliko lililojaa, kwa sababu maji huyumba na kusukuma gari. Liwe na vigawanyo ndani, na trela liwe na breki. Mwaga maji kwenye tangi lililoko malishoni lenye boya, si birikani, ili usilazimike kungoja kundi linywe.

Hatua ya 5: Bomba lisiwe jembamba

Hapa ndipo kazi nzuri huharibika kwa kutaka kuokoa kidogo. Maji yakipita bombani husuguana na kuta zake na kupoteza presha. Kwa mtiririko wa lita 15 kwa dakika, kila mita 100 za bomba jeusi la plastiki la milimita 20 hula karibu mita 12 za kimo. La milimita 25 hula karibu mita 3.6. La milimita 32 hula mita 1 na kidogo.

Rudi kwa ng'ombe wetu. Tangi liko mita 5 juu ya birika na umbali ni mita 300. Bomba la milimita 25 lingehitaji karibu mita 11 za kimo ili kutoa lita 15 kwa dakika. Wewe una 5, kwa hiyo utapata lita 10 au pungufu. La milimita 32 linahitaji mita 3 na kitu, na linabakiza kimo cha kupita kwenye valvu. Nunua la 32. Kumbuka pia kwamba ukitaka mtiririko maradufu, hasara inapanda karibu mara nne.

Lifukie. Bomba jeusi lililolala juani hupasha maji hadi wanyama wayakatae mchana, na hukanyagwa na kuungua moto ukipita. Sentimita 30 hadi 50 zinatosha mahali pengi. Kwenye baridi ya kugandisha, liende chini ya kina ambacho ardhi huganda. Lilaze likishuka mfululizo kadiri inavyowezekana. Pakiwa na kinundu, hewa itakaa juu yake na kuzuia maji hata kama tangi limejaa, hivyo weka valvu ya kutoa hewa pale. Pakiwa na bonde, weka koki ya kusafishia tope chini. Na angalia daraja la bomba: bonde lenye kina cha mita 60 chini ya tangi lina presha ya baa 6, na bomba la daraja la chini litapasuka hapo. Mteremko ukiwa mrefu sana, katisha presha kwa tangi dogo la katikati lenye boya.

Weka koki ya kufungia kwenye kila tawi na karibu na kila birika. Birika moja likiharibika, mengine yaendelee.

Hatua ya 6: Birika lenyewe

Kwa kundi letu, birika la lita 400 pamoja na lita 15 kwa dakika hutoa lita 1,300 ndani ya saa moja, na kundi linahitaji 1,000. Panga nafasi ili angalau sehemu moja ya kumi ya kundi inywe kwa pamoja, kila ng'ombe akipata sentimita 70 hivi za ukingo. Ukingo uwe na kimo cha sentimita 50 hadi 60 kwa ng'ombe, 30 hadi 40 kwa kondoo na mbuzi. Liache wazi pande zote mbili kama nafasi ipo. Mbabe mmoja hawezi kulinda pande mbili.

Valvu ya boya, ile inayofunga maji boya likipanda na kuyafungua likishuka, inastahili uangalifu kuliko sehemu nyingine yoyote. Nyingi zinazouzwa kwa ajili ya nyumba zina tundu jembamba kwa sababu zimeundwa kwa presha kubwa ya mtandao. Ukiifunga kwenye tangi lililo mita 3 au 5 juu tu, maji yatachuruzika, hata bomba lako liwe pana kiasi gani. Omba ya presha ndogo, yenye tundu pana. Kisha ifunike kwa kisanduku au bamba la chuma, maana ng'ombe huchezea boya kwa ulimi na pembe hadi livunjike.

Kuzunguka birika, tandaza zege lenye uso wa kukwaruza au mawe na kokoto zilizoshindiliwa, angalau mita 3 kila upande. Bila hivyo patakuwa tope, na tope huoza kwato na kukaribisha konokono wa minyoo ya ini. Maji ya ziada yapelekwe kwa bomba mbali na mahali wanyama wanaposimama. Weka kizibo kikubwa chini, kwa kuwa birika lisilomwagika haraka halisafishwi. Na ndani yake weka jiwe au ubao wa kukwaruza unaopanda hadi ukingoni, ili ndege au mnyama mdogo aliyetumbukia atoke. Mzoga mmoja unatosha kuharibu maji ya kundi zima.

Usiliweke kwenye kona ambayo mnyonge anaweza kubanwa, wala kando ya geti. Kwenye mstari wa uzio, birika moja huhudumia vitalu viwili. Kama malisho ni mapana, mabirika mawili madogo yaliyotawanywa ni bora kuliko moja kubwa, kwani wanyama hula sana karibu na maji na kuacha majani ya mbali yakizeeka bila kuguswa.

Hatua ya 7: Kuanza, na kazi ya kila siku

Wanyama waliozoea mto hawatalijua birika mara moja. Waongoze wakiwa na kiu, acha maji yaingie kwa sauti, na kaa uhakikishe kila mmoja amekunywa kabla ya kufunga njia ya zamani.

Kila siku kuwe na jicho la mtu: maji yapo, boya linapanda na kushuka, hakuna harufu, hakuna kilichofia ndani. Andika kimo cha maji tangini ubaoni. Kikishuka bila sababu, bomba linavuja mahali. Kila wiki au mbili, mwaga birika, sugua utelezi kwa brashi ngumu na suuza. Ukitumia dawa ya klorini, isuuzwe yote kabla ya kujaza. Hifadhi shambani valvu moja ya boya, viungio vya bomba vya ukubwa wako na mita chache za bomba, kwa sababu hitilafu haingoji siku ya duka.

Na ikitokea kundi limekaa siku moja au mbili bila maji, usiwafungulie birika lililojaa. Mnyama aliyekauka akinywa kupita kiasi kwa mara moja, ubongo unaweza kuvimba. Utamwona anayumba, anatetemeka, kisha anaanguka. Wape kidogokidogo, kwa zamu, wakipumzishwa kati ya mgawo na mgawo kwa saa kadhaa, wanyonge na ndama wakitengwa ili wapate chao, na umwite daktari wa mifugo kama hata mmoja ameanza kuyumba.